Kaseti Moja ya Watu Wawili

Octavian, mwenye duka la redio pale Nachingwea mjini, alikuwa na maneno yake ya kuuzia. Aliiweka redio juu ya meza, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akasema, "Mama, hii sura ya zamani, tumbo la kisasa. Kaseti inakula, flashi inakula, memori kadi inakula. Na namba zinawaka kijani, hutafuti stesheni kwa kubahatisha."

Zulekha hakuwa na haja na namba za kijani. Alikuwa ametoka Nambilanje alfajiri, pesa ya ufuta kaifunga kwenye pindo la khanga, kwa ajili ya kijidirisha kimoja tu.

"Fungua hapo pa kaseti," alisema.

Kilifunguka taratibu, kwa mlio uleule wa redio yake ya zamani. Mwaka huo ulikuwa 2009. Wajanja wote walishahamia kwenye simu za kupigia nyimbo, na mtu mzima aliyeulizia kaseti alionekana kama anaulizia chumvi ya mawe. Lakini Zulekha hakujali. Binti yake Mwamina, aliyekuwa kidato cha pili na yuko likizo, ndiye aliyemwambia habari za redio hizi. "Tena mama, ina kitufe cha kuhamisha kaseti kwenda kwenye kadi. Baba hatapotea tena."

Maana kaseti aliyoitunza nyumbani ilikuwa ni Amiri, mumewe.

Siku zile Amiri alipokwenda Nachingwea kufanya useremala kwa fundi mmoja, Fransisko, alimwachia mkewe redio kaseti yao nyumbani. Barua haikuwafaa. Zulekha alikuwa akisoma kwa kuokoteza herufi, na barua ya kusomewa na jirani inakuwa mali ya kijiji kizima kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo walitumiana kaseti. Amiri anazungumza kwenye redio ya Fransisko, anampa dereva wa lori, kaseti inafika Nambilanje. Zulekha anasikiliza mara tatu, nne, anacheka peke yake jikoni, kisha anairudisha mwanzo na kurekodi jibu lake juu ya maneno ya mumewe. Lori likigeuza, kaseti inageuka nalo. Walikuwa na hiyo moja tu. Upande wa pili ulikuwa na ngoma ya harusi yao, na huo hakuna aliyethubutu kuugusa.

Yenyewe ilikuwa kaseti ya dukani, imevunjwa vijino vya mgongoni ili isirekodiwe tena. Amiri alijua dawa yake. Alikunja kikaratasi cha pakiti ya sigara, akakisokomeza kwenye tundu, redio ikadanganyika. Miaka minne wakafutana hivyo, huyu juu ya huyu, na hakuna aliyelalamika.

Kaseti ya mwisho ilifika mwaka 1993, Zulekha ana mtoto wa siku kumi na mbili kifuani. Aliisikiliza mara moja, betri zikaisha nguvu, sauti ya Amiri ikawa nzito na ya uvivu. Akazitoa betri, akazianika juani juu ya bati kama kila mtu alivyofanya, angalau zipate nguvu za kurekodia jibu. Siku ya tatu zikiwa bado juani, lori lilikuja. Halikuleta kaseti. Lilimleta Amiri mwenyewe, ndani ya sanda. Homa ya siku mbili tu.

Kwa hiyo uvivu wa betri ndio uliomwachia sauti ya mumewe. Lakini ndio uliomfanya Amiri aondoke hajajibiwa, na hilo Zulekha hakujisamehe. Redio nayo ilikufa mwaka 1997; panya waliguguna nyaya, fundi akatikisa kichwa. Tangu hapo miaka kumi na miwili imepita na kaseti iko ndani ya kopo la maziwa ya unga. Maneno aliyakumbuka yote. Sauti ndiyo ilianza kumtoroka, na jambo hilo lilimtisha kuliko alivyopata kumwambia mtu.

Zulekha alifika nyumbani mchana, Mwamina akiwa anamsubiri. Hata maji hawakunywa. Redio iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, betri mpya sita zikaingia, Mwamina akabonyeza.

Kwanza mkwaruzo. Kisha, "Zulekha, mke wangu. Mimi hapa sijambo, mgongo tu, kazi ya Fransisko ni kuinama."

Zulekha alishika magoti yake. Mwamina, ambaye hakuwa na kumbukumbu yoyote ya sauti ile, alikaa chini kwenye udongo na gauni lake. Amiri aliendelea kuhusu mbao, kuhusu mvua, kuhusu mchicha wa kila siku. Kisha akashusha sauti.

"Sasa niambie. Mtoto umempa jina gani?"

Zulekha akabonyeza kusimamisha. Hapo ndipo alipokuwa akisimamisha siku zote. Alilia bila kujificha.

"Mama, mkanda umechoka huu," alisema Mwamina, naye anafuta macho. "Ngoja niuingize kwenye kadi kabla haujakatika. Tuanzie hapa hapa, mwanzo tutaurudia." Akatafuta kitufe cha kurekodi. Kwa akili yake, kurekodi ni chekundu, kwa hiyo akabonyeza chekundu.

"Mwamina. Angalia usiniharibie."

"Siharibu, mama."

Magurudumu ya kaseti yalizunguka. Kimya.

"Mbona hasemi?" Zulekha aliuliza.

"Nadhani ikihamisha inanyamaza."

Zulekha akakitazama kile kitufe chekundu. Akakijua. Ndicho alichokibonyeza miaka minne kila alipomjibu mumewe. Akaruka, akaizima redio kwa kofi.

"Unamfuta baba yako!"

Mwamina aliomba msamaha mara ngapi sijui, lakini mama yake alikuwa anahesabu kilichokwenda: kile kicheko, na ule wimbo mdogo wa kumbembeleza mtoto ambaye hajamwona. Wimbo ambao mtoto mwenyewe alikuwa hajausikia bado.

Baadaye Zulekha alirudisha mkanda nyuma kidogo, ili ajue amebakiwa na nini.

"Sasa niambie. Mtoto umempa jina gani?"

Mlio mfupi. Kisha sauti yake mwenyewe, ya leo, ya mama mtu mzima:

"Mwamina. Angalia usiniharibie."

"Siharibu, mama."

Kimya kilipita, na swali lake la mbona hasemi. Halafu Amiri akarudi: "...basi, nitapanda lori la Alhamisi. Usinipikie mchicha."

Zulekha hakusimamisha. Aliuacha mkanda uende hadi mwisho, mkono wake begani kwa binti yake. Miaka kumi na sita alikuwa na jibu moja la kupeleka, na lilikuwa limefika.

"Tafuta kile kitufe kingine," alisema. "Hamisha yote, na sisi tukiwemo."

Mwamina alikipata, kilikuwa juu, kina picha ya kadi. Safari hii Amiri alisikika wakati wote. Walipomaliza, Zulekha alichomoa kaseti, akachukua sindano ya kushonea, akakidokoa kile kikaratasi cha sigara kilichoruhusu kurekodi mpaka kikatoka.