Mazoezi ya Kupoteza Funguo

Katika wodi ya watoto walimwita Sista Funguo, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Tangu avae sare nyeupe, ufunguo wa kabati la dawa haukuwahi kukaa mahali asipopajua. Ulining'inia kiunoni pake pamoja na wa stoo, wa chumba cha sindano na wa nyumbani kwake, na mlio wao ulimtangulia koridoni hata watoto wenye kugoma dawa wakafumba midomo kabla hajafika mlangoni. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya makabidhiano ambayo wodi nzima iliifuata: anayetoka zamu huuweka ufunguo kiganjani mwa anayeingia, wala hauachii mpaka mwenzake atamke, "Nimepokea." Siku moja daktari mgeni alinyoosha mkono kimyakimya, akabaki ameunyoosha hivyo hivyo hadi alipofundishwa.

Kilichomshinda Sista Funguo kilikuwa Kiingereza cha mdomo. Kukisoma alikisoma, na kukiandika alikiandika. Kukizungumza ndiko kulikomkausha koo. Na wakati huo kilitakiwa kuliko wakati wowote, kwa maana alikuwa amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea uuguzi wa watoto wachanga, nafasi aliyoiomba na kunyimwa hadi akaizoea ile barua ya kunyimwa. Mtihani wa kuzungumza tu ndio uliobaki. Akifeli, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Familia ikamkabidhi kwa binti wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna binadamu asiye na la kusema, bali wapo ambao hawajaulizwa vizuri.

"Haya, Shangazi," binti alisema walipoketi jikoni, vyombo vikiwa vimeshaoshwa. "Mtahini huanza na mambo madogo ya kila siku. Leo tufanye mada ya funguo. Nikuulize kwa Kiingereza, nawe unijibu kwa Kiingereza. Je, huwa unatembea na funguo nyingi?"

"Ndiyo," akajibu Sista.

Binti akasubiri. Sista naye akasubiri. Bomba likadondosha tone kwenye sinki.

"Shangazi, endelea."

"Niendelee wapi tena? Umeuliza, nimejibu."

"Mtahini hataki ndiyo tupu. Anataka jibu, halafu sababu, halafu mfano. Jibu ni kama kigoda, likikosa mguu mmoja linaanguka. Tujaribu lingine. Unaziweka wapi funguo zako ukiwa nyumbani?"

Sista akamkazia macho. "Na yeye anataka kujua ili iweje?"

"Shangazi!"

"Mtu nisiyemjua, hata chai hatujanywa naye, ananiuliza ninapoweka funguo za nyumba yangu. Huko mnakosoma hamwoni ajabu?"

Binti alivuta pumzi kama mtu anayebeba ndoo ya maji ngazini. "Basi hili. Umewahi kupoteza funguo?"

"Hapana."

"Sababu?"

"Sababu mimi si mzembe."

"Mfano?"

"Mfano wa nini, mwanangu? Wa kitu ambacho hakijatokea?"

Hapo binti akaona njia. Alieleza, kwa subira na kwa ishara nyingi za mikono, kwamba mtahini hapimi ukweli wa maisha ya mtu, anapima lugha yake tu. Na kwamba mtu asiyepoteza kitu hana kisa, ilhali mtu msahaulifu ana visa tele. Kwa hiyo Shangazi awe msahaulifu, kwa dakika chache tu, kwa faida ya elimu.

"Ni uongo," Sista alisema.

"Si uongo, ni mazoezi."

Akatungiwa jibu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata maelekezo ya dawa hadi tone la mwisho, akalimeza lote: "Naam, mimi hupoteza funguo zangu mara kwa mara, kwa sababu kichwa changu hakitulii. Kwa mfano, juzi nilizitafuta mchana kutwa, kumbe nilizifungia ndani ya jokofu!" Mwishoni palitakiwa kicheko kidogo. Kicheko ndicho kilichomtesa zaidi. Kila alipokijaribu, kilitoka kama mtu aliyepaliwa na maji.

Keshokutwa yake, saa ya mapumziko, binti alimpigia simu ili wafanye marudio. Sista akasimama karibu na dirisha la chumba cha sindano, simu sikioni, akijibu kwa sauti na kwa madaha, jinsi alivyofundishwa. Binti aliuliza kutoka chuoni, na mtu aliyesimama nyuma ya pazia la chumba hicho hakusikia maswali, alisikia majibu tu.

Aliyesimama nyuma ya pazia alikuwa Metroni. Huyu alikuwa mwanamke mpana, mtaratibu, ambaye hakukanyaga kwa kishindo wala hakuamini jambo lolote aliloambiwa, ila lile alilolisikia bila kuambiwa. Na Kiingereza alikijua barabara.

Pazia likafunguliwa.

"Kwa hiyo unazipoteza mara kwa mara," Metroni alisema.

Simu nusura imponyoke Sista. "Metroni! Yalikuwa mazoezi!"

"Mazoezi ya kupoteza funguo?"

"Ya kusema! Ya mtihani! Mpwa wangu ameniambia nijifanye msahaulifu."

"Na jokofu?"

"Hakuna jokofu, Metroni."

"Jokofu lipo. Lina chanjo ndani. Nimelipita sasa hivi." Metroni akanyoosha mkono. "Mimi sina ugomvi nawe, dada yangu. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nipe ufunguo wa kabati hadi nijiridhishe."

Sista aliufungua ufunguo kutoka kiunoni, akauweka katika kiganja kile kipana, asiuachie. Walitazamana. Hatimaye Metroni, ambaye hata katika hasira aliheshimu utaratibu, akatamka, "Nimepokea."

Mchana huo Sista alipita wodini bila mlio. Mtoto wa kitanda cha pembeni, aliyekuwa hajawahi kumezeshwa dawa bila vita, alishtukia tu kijiko kimeshaingia mdomoni, akamtazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Mfagizi alimuuliza kama anaumwa. Mpishi wa hospitali, ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea, alichungulia kutoka jikoni: "Pole, Sista! Eti zilikutwa kwenye friza?"

Jioni binti alilia kuliko shangazi yake. Alitaka kwenda kwa Metroni kumweleza tofauti kati ya kauli na tukio, akazuiwa mlangoni.

"Wewe ukimweleza, nitanyang'anywa na sare," Sista alisema. "Niambie tu: kesho nikiulizwa, niseme lipi?"

Binti akafuta machozi. Ilimuuma kulisema, lakini alilisema. "Sema lile tulilozoea, Shangazi. Unalijua kwa moyo. Ukianza kutunga jipya, utarudi kwenye hapana tupu, na nafasi itakwenda."

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza, viti viwili na kinasa sauti chenye taa ndogo nyekundu. Mtahini alikuwa bwana mwembamba mwenye tai, mpole, mwenye uchovu wa mtu aliyekwisha kusikiliza watu wengi wakipenda kusafiri na kusoma vitabu. Akamuuliza kuhusu kazi yake, akajibu. Akamuuliza kuhusu mtaa wake. Akajibu, kwa miguu yote mitatu. Kisha akafunua karatasi.

"Sasa tuzungumze kuhusu funguo. Je, wewe hupoteza funguo zako?"

Jibu lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi, na kicheko kikiwa nyuma yake. Sista akaitazama ile taa nyekundu. Mara ya kwanza alikuwa amelisema dirishani tu, likamnyang'anya ufunguo. Hapa lingehifadhiwa.

"Hapana," akasema. "Sijawahi hata mara moja."

Mtahini akainua kalamu. Sista alisikia nafasi yake ya masomo ikikusanya virago.

"Lakini," akasema, na sauti yenyewe ikampanda, "jana nimenyang'anywa!"

Mtahini akainua uso.

Na hapo maneno yakamtoka. Yalitoka yakisukumana, mengine yamevaa wakati uliopita na mengine yamesahau kuvaa chochote, lakini yalitoka. Alimweleza juu ya kabati na kiganja na "Nimepokea"; juu ya mpwa wake mwenye akili nyingi na jokofu lisilo na hatia; juu ya Metroni na pazia. Alisimama kumwonyesha Metroni anavyotembea. Mtahini akajaribu swali lililofuata, kama ni vyema kumwachia jirani ufunguo.

"Ngoja kwanza, sijafika huko," Sista alimkatiza. "Unajua mpishi aliniambia nini?"

Mtahini hakujua. Akaambiwa. Akatoa kitambaa, akajifuta macho, na kwa sababu za kikazi akajitahidi kusema kwamba alikuwa na mafua.

Nje, binti aliruka kutoka kwenye benchi. "Umesema lile la jokofu?"

"Nimesema kweli."

Binti aliketi tena, taratibu, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Matokeo yalipokuja, binti ndiye aliyeyafungua, akayasoma kwa sauti, akayasoma tena, kisha akamrukia shangazi yake shingoni. Alama zilipita zilizotakiwa.

Ilibaki ruhusa ya kazini. Sista aliipeleka karatasi ofisini kwa Metroni, akasimama mbele ya meza. Metroni aliisoma bila haraka. Akatia sahihi ya ruhusa. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa ufunguo wa kabati.

"Nimehesabu dawa zote," alisema. "Hakipungui hata kidonge. Utaushika mpaka siku ya safari."

"Nimepokea," Sista alisema. Metroni akauachia.

Sista akageuka kuondoka.

"Ngoja. Mpwa wako alipita hapa. Anasema ulinitaja kwenye mtihani."

Sista alilaani kimoyomoyo watu wote wanaosomea lugha. "Nilikutaja, Metroni."

"Ulisemaje?"

Yalimjia mengi, na safari hii yote yalikuwa tayari kutoka. Akayazuia mlangoni.

"Nilisema una sikio zuri sana."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

Metroni aliegemea kiti chake na kulipima neno hilo kwa muda, hakika kabisa kwamba palikuwa na kitu nyuma yake, ila safari hii hakukuwa na pazia.