Pazia Lililokwenda Lyon

Mume wangu Mahmoudi anatengeneza milango, mimi ninashona mapazia ya milango. Karakana yake na duka langu viko chini ya bati moja hapa Kabondo, mjini Kisangani, na wateja wanapenda kututania kwamba yeye anawafungia watu na mimi ninawafungulia. Kwa hiyo binti yetu Nadia alipopata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Lyon, Ufaransa, kwa mpango wa chuo chake kubadilishana wanafunzi na chuo cha huko, sikuhangaika kutafuta zawadi. Nilikata kitambaa cha buluu nzito, nikashona pazia lenye pindo la manjano, nikamwambia alitundike mlangoni siku atakayofika.

Kwa asiyeijua Kisangani nieleze kidogo. Mchana mlango wa nyumba unakuwa wazi na pazia linaning'inia. Maana yake tupo, piga hodi uingie. Mlango ukifungwa mchana, majirani wanaanza kuulizana: wamesafiri? Kuna mgonjwa? Au wanakula nyama peke yao? Mtu akihamia mtaani, anafungua mlango, anatundika pazia, anaketi. Majirani ndio wanaokuja. Yeye hajitembezi nyumba kwa nyumba kama mtu anayeuza sabuni.

Nadia akafanya vivyo hivyo. Chumba chake kilikuwa katika jengo la wanafunzi, kwenye korido ndefu yenye milango kulia na kushoto. Mlango wake ulikuwa wa kujifunga wenyewe, akauzuia kwa mfuko wa mchele. Akatundika pazia, akachemsha chai, akangoja.

Hakuja mtu.

Tulikuwa tunazungumza kwa simu kila Jumapili baada ya adhuhuri, mimi nikiwa dukani. Ninapenda kujua mambo. Nilimuuliza nani anafagia korido, takataka zinakwenda wapi, mtu akifiwa anawaketisha wapi waombolezaji katika chumba kidogo namna ile. Mwanzoni alijibu kwa furaha. Aliniambia kuna treni inayopita chini ya ardhi bila dereva, nikamfanya arudie, kisha nikamwita Mahmoudi aje asikie mwenyewe. Aliniambia profesa mmoja anafundisha akiwa ameketi juu ya meza, wanafunzi wanamkatiza kwa maswali, naye hakasiriki. Nikataka kujua wanauliza nini, na yeye ameuliza nini. Yeye alikuwa bado hajauliza kitu.

Wiki zilivyopita, majibu yakafupika. Shida ilikuwa majirani. Nadia akiketi chumbani aliona viatu vyao chini ya pazia: vinakuja vizuri, vikifika mbele ya mlango wake vinaharakisha. Siku alizotoka nje ghafla aliwakuta wengine wamegeuza uso upande wa ukuta. Msichana wa chumba kinachotazamana na chake, Joëlle, alikuwa na viatu vyekundu, na viatu vile vikifika kwenye pazia vilianza kutembea kwa vidole.

"Wananikimbia, mama," Nadia aliniambia. "Iko kama mimi ni ugonjwa."

Mteja wangu Kyakimwa, mfanyabiashara wa Kinande anayeuza mchele na chumvi kwa jumla, alikuwa dukani akingoja mapazia ya nyumba yake mpya. Alisikia yote, maana simu yangu haijui kunong'ona. Akasema jambo liko wazi: watu wale hawapendi weusi, mtoto arudi kwao. Nikamjibu huenda. Lakini mtu anayekudharau anapita kwa kishindo na anakutazama mpaka uinamishe macho. Hageuki ukutani na kunyata. Hapo palikuwa na kitu, na mimi nilitaka kukijua.

Kisha Madame Odile, msimamizi wa jengo, akaja kutazama ule mlango na kuukuta mfuko wa mchele. Akamwonya Nadia. Milango ile lazima ikae imefungwa kwa ajili ya moto. Baada ya siku chache akaukuta wazi tena, akamwonya mara ya pili, akasema ikitokea tena Nadia atatafuta pengine pa kulala.

Mahmoudi aliomba picha ya bawaba. Nadia akaituma. Mume wangu akaikuza kwa vidole, akaitazama mpaka chai yake ikapoa, akasema mlango ule umetengenezwa na mtu mwenye akili: mzito, na juu una mkono wa chuma unaourudisha. Moshi hauwezi kupita. Madame Odile alikuwa na haki.

"Mtoto wako hana rafiki, wewe unasifu mlango," nikamwambia.

"Mlango haukukosa kitu, Mama Nadia."

Siku hiyo Nadia akasema amechoka. Alitaka kurudi likizo ya Noeli na asiende tena kumalizia nusu ya pili ya mwaka. Mahmoudi akatazama chini. Kwa binti yake yeye ni mwepesi, angemwambia njoo palepale kama simu haingekuwa mkononi mwangu. Mimi nilijua, na Nadia alijua, kwamba nusu mwaka wa Lyon bila nusu ya pili hauhesabiwi chuoni hapa. Angeanza upya, na nafasi kama ile haiji mara mbili.

Sikumbembeleza.

"Bon, rudi," nikasema. "Lakini uje na jibu. Kwa nini wanageuza uso? Nitakuuliza mbele ya papa yako na mbele ya Kyakimwa."

"Nitawauliza namna gani? Hawasimame."

"Wewe ndiye uko kule. Tafuta."

Akakata simu bila kuaga. Wiki nzima Mahmoudi alipiga randa bila kuongea nami, na mimi nilishona pindo moja upande usio wake nikalifumua.

Jumapili iliyofuata simu ilichelewa. Ilipolia, kabla ya sauti ya Nadia nikasikia mtu mwingine anacheka. Nikamwambia anieleze kwa mpangilio, kwa sababu sipendi hadithi inayoanzia katikati. Mahmoudi akaacha randa, akaja na vumbi lake la mbao.

Nadia alikuwa ameanza kufunga sanduku. Aliposhusha pazia aliona limeshika moshi na mafuta ya samaki, na hakutaka kuniletea kitu kichafu. Sinki lake lilikuwa dogo. Akateremka nalo kwenye chumba cha mashine za kufulia, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, maana nguo zake anafua kwa mikono kama alivyolelewa. Akabonyeza maji ya moto.

"Ya moto?" nikasema. "Buluu ile? Nilikuambia nini?"

"Maji ya baridi na chumvi. Mama, ngoja kwanza."

Akalitoa pazia, akapanda nalo. Aliyetumia mashine ileile baada yake alikuwa Joëlle, na mashuka yake meupe. Ndani rangi ilikuwa bado imebaki. Mashuka yakatoka na mabaka ya buluu, na katika korido ile hakuna aliyehitaji kuuliza buluu ile ni ya nani.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kubisha hodi kwa binti yangu tangu afike Lyon alikuja kugombana. Mlango ulikuwa umefungwa, pazia likikauka bafuni. Nadia akafungua, akamkuta Joëlle amekumbatia mashuka, uso umemwiva. Naye akasema kile anachosema mtu wa kwetu akibishiwa hodi: karibu, ingia, keti. Joëlle akasema hakuja kukaa. Nadia akamsogezea kiti. Kwenye jiko lake dogo kulikuwa na lituma, ndizi za kuchemsha alizozitwanga kwa kitako cha chupa, na samaki wa mchuzi. Akapakua sahani mbili. Joëlle akajikuta ameketi na mashuka mapajani, kwani si rahisi kumfokea mtu anayekuuliza kama unapenda pilipili.

"Donc ulimuuliza?"

Alikuwa amemuuliza. Joëlle alishangaa, kisha akaona haya. Akaeleza kwamba kwao nyuma ya pazia kuna mtu anayevua nguo. Hospitalini ni hivyo, bafuni ni hivyo, dukani pale wanapojaribia magauni ni hivyo. Pazia maana yake usitazame. Wote walifikiri mlango wa Nadia umeharibika, na maskini anabadilisha nguo nyuma ya kitambaa, basi wakawa wanapita upesi na kutazama ukuta kwa heshima. Yeye Joëlle alinyata ili asimshtue. Na kijana wa mwisho wa korido ndiye aliyekwenda kwa Madame Odile kuomba yule msichana atengenezewe mlango.

Nikaweka mkasi mezani. Miezi yote ile watu wale walikuwa wanamheshimu mtoto wangu, na heshima yao ilikuwa karibu kumrudisha nyumbani.

Mahmoudi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe tulimpeleka mtoto Ulaya akae uchi," akasema. "Tena na pindo la manjano."

Nilimwacha acheke. Mimi nilikuwa na swali moja.

"Na sanduku?"

"Liko chini ya kitanda."

"Limejaa?"

"Nguo nimezitoa, mama. Nitarudi mwezi wa saba, nikimaliza."

Mahmoudi akaacha kucheka, akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi, akarudi kwenye karakana yake. Nikamwagiza Nadia aloweke mashuka ya Joëlle kwenye maji ya baridi, na pazia alipeleke dirishani. Mlango aufunge, asimsumbue tena Madame Odile. Kisha nikamuuliza: kama mlango umefungwa, majirani watajuaje kwamba anawangoja?

"Hawatajua," akasema. "Huku ni mgeni ndiye anabisha. Joëlle amenieleza."

"Mgeni anazunguka nyumba kwa nyumba? Kama mtu wa sabuni?"

"Ndiyo, mama. Leo asubuhi nimebisha milango miwili."

Nje, mama mmoja aliyetoka Bengamisa kwa ajili ya mapazia ya harusi alikuwa anapiga hodi, na si kwa mara ya kwanza. Nikamwambia kupitia pazia aingie, aketi, anisubiri kidogo. Nikaisogeza simu sikioni.

"Anza na wa kwanza," nikasema. "Alipofungua, alikuwa anapika nini?"