Ng'ombe Aliyetangulia Msangano

Watu wa Hasamba watakwambia kwamba Restuta ana mdomo, na mimi Restuta mwenyewe sitabisha. Mdomo huo ndio uliosema, mwaka 2005, kwamba binti yangu Jenista akiolewa na Msukuma wa bondeni, mimi kwake sikanyagi. Binti akaolewa. Nami kwa kuwa nilishasema mbele ya watu, nikakaza shingo miaka minane.

Makene, huyo mkwe wangu, hakuwa na kosa lolote. Wazazi wake walihama kutoka Shinyanga na mifugo yao, wakapata malisho Msangano, wakalima mpunga na ufuta, wakawa watu wa pale. Alileta ng'ombe kumi wa mahari bila kubishana hata kwa mmoja. Ng'ombe hao ndio waliomsomesha Emanueli, kaka yake Jenista, hadi akawa mwalimu. Kwetu Wanyiha hilo si ajabu, mahari ya dada humfungulia kaka njia. Basi nikawapokea ng'ombe, nikawageuza ada ya chuo, na aliyewaleta nikaendelea kumwita "yule mswaga ng'ombe". Ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka 2012 Emanueli alianza kuvimba miguu, kisha uso. Tulidhani ni malaria iliyokaa vibaya, tukazunguka na vidonge hadi mwaka ukaisha. Kumbe figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Akahamia Dar es Salaam kwa binamu yake, apate kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta kijana wangu wa miaka thelathini na moja anakunywa maji kwa kifuniko cha chupa, maana hakuruhusiwa zaidi, na kukojoa alikuwa ameshasahau. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Madaktari walisema njia ni moja: apate figo ya ndugu, na wote wawili wapelekwe India kupasuliwa. Serikali ilikuwa imekubali kumpeleka. Baba yao alishafariki. Nikawaambia wachukue ya kwangu, wakanipima wakakuta presha ya kutosha watu watatu. Ndipo Jenista akasafiri mwenyewe, bila kuitwa, akapimwa, na vipimo vyake na vya kaka yake vikakubaliana karibu vyote. Lakini daktari akasema huyu ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, kwa hiyo hawatamgusa mpaka mumewe aelezwe na akubali.

Jenista akarudi Msangano kuzungumza na mumewe. Wiki mbili zikapita. Zikapita sita. Kila nikipiga simu jibu lilikuwa lile lile: "Makene anafikiri, mama."

Anafikiri nini? Mwanangu anaisha! Nilizunguka shamba la kahawa nikiongea peke yangu, nikimtukana mtu aliyekuwa mbali na asiyesikia. Mwishowe nikaona nitakufa na hasira bure. Lazima niende.

Sasa hapo kulikuwa na kizuizi. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaongei uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani hadi mwenzake apite. Kwa Wasukuma nako mama mkwe ni mtu wa kuogopwa hivyo hivyo. Nitamwombaje mtu ambaye siruhusiwi hata kumtazama? Nikakaa nikawaza, nikajiona nina akili sana. Wale ni watu wa ng'ombe, nikasema. Ng'ombe atanisemea.

Nilikuwa na mtamba mmoja mwekundu, uzao wa wale ng'ombe wa mahari, mnyama pekee aliyebaki zizini kwangu. Nikamkabidhi Isaka, kibarua wangu wa kahawa, mtu mzima wa maneno machache, amswage kwa miguu siku mbili. Mimi kesho yake nikapanda lori lililokuwa linashuka tupu kufuata mpunga. Nilipanga tufike pamoja. Lori likakatika springi kwenye mteremko, tukalala hapo tukingoja fundi. Kwa hiyo ng'ombe alifika Msangano siku moja kabla yangu.

Nilipoingia kwenye mji wa kina Makene asubuhi, nilijua kuna jambo. Jenista alikuwa amekaa nje juu ya gogo, macho mekundu, na pembeni yake begi la nguo. Watoto sikuwaona. Mtamba wangu alikuwa amefungwa nje ya zizi, hakuna aliyemwekea hata majani. Makene nilimwona kwa mbali ndani ya zizi, amenipa mgongo.

Mama yake Makene, mjane mrefu kuliko mimi, alikuja kunipokea bila tabasamu.

"Mwangaluka, mayu," nikasema. Salamu hiyo ya kwao nilijifunza njiani kwa dereva, nikitaka kupendeza.

Akaitikia kwa upole, kisha akasema, "Mmekuja kumchukua mtu wenu. Sawa. Lakini mngetuambia kosa letu kwanza."

"Kumchukua nani?"

"Mama, usinitanie. Ng'ombe wa mahari akirudi kwa aliyemtoa, maana yake ni nini kwenu? Kwetu maana yake ndoa imekufa. Jana huyu mzee alimfunga hapa, tukamuuliza, akasema, 'Ni ng'ombe wa kwa kina Jenista, mwenyewe anakuja.' Basi. Toka jana mwanangu hajala, na watoto nimewapeleka kwa jirani wasisikie."

Nilimtazama Isaka. Isaka akatazama miguu yake. Lakini kosa halikuwa lake, alisema yote niliyomtuma kusema. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nane niliyeozesha na kuozeshwa, ambaye najua kabisa kwamba hata kwetu ng'ombe wa mahari harudi nyuma ila kwa talaka, nilikuwa nimepeleka talaka ya binti yangu kwa miguu ya siku mbili. Nilikuwa nimewaza figo tu. Nilikuwa nimewaza pia kwamba Msukuma ukimpa ng'ombe haulizi maswali.

Nilikuja kuomba figo, na sasa nilikuwa karibu kukosa figo na kuvunja nyumba ya mwanangu kwa mkupuo mmoja. Wa kueleza jambo hili hakuwepo mwingine, na mimi kusimama mbele ya mkwe ilikuwa haramu. Nikavua viatu. Sijui kwa nini nilivua viatu. Nikaingia zizini, nikakanyaga samadi, nikaenda nikasimama mbele ya mkwe wangu, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Makene akashtuka, akaangalia chini haraka. Mama yake akapiga kelele ya mshangao kule nje.

"Mwanangu," nikasema, "mimi ni mjinga. Huyo ng'ombe si talaka. Nilimleta kwa sababu niliogopa kuja mikono mitupu kukuomba mkeo ampe figo kaka yake. Sikufikiri. Nimekuwa na dharau kwako miaka minane na dharau imenipofusha. Nisamehe."

Kisha akasema, akiwa bado anatazama chini, "Mama, mimi sikukataa."

"Sasa mbona kimya?"

"Naogopa. Akienda huko akifa, nyie mtasema nini? Mtasema yule Msukuma alimtoa mtoto wetu akachinjwe. Hamjawahi kufika hapa. Hata watoto walipozaliwa hamkuja. Nikasema, ngoja mwenye mtoto aje mwenyewe aseme kwa mdomo wake, ili likitokea la kutokea tuwe tumebeba wote."

Nilikuwa nimemtukana mtu huyu wiki sita kwa kufikiri, na alichokuwa anafikiri kilikuwa na akili kuliko vyote nilivyofikiri mimi.

"Wanasema wengi wanapona," nikamwambia. "Wanasema mtu anaishi vizuri na figo moja. Lakini ni kisu, sitakudanganya. Akifa, mimi ndiye nitakayekuwa nimemwomba, na nitasema hivyo mbele ya watu wa Hasamba wote."

Hapo Jenista akainuka kwenye gogo lake, akaja mpaka kwenye mlango wa zizi. Binti yangu mdomo ameurithi, ila huwa anautunza.

"Mmemaliza?" akasema. "Ng'ombe mmemzungumza. Hofu zenu mmezizungumza. Figo ni ya nani? Toka jana nimefungiwa begi bila kuulizwa kama naondoka, na kabla ya hapo wiki sita nazungumzwa kama debe la ufuta. Nilishaamua siku ile nilipopimwa. Emanueli ni kaka yangu, nampa. Na nikitoka huko narudi hapa, kwa mume wangu na wanangu. Yeyote kati yenu anayetaka kumrudisha ng'ombe, amrudishe, mimi sio ng'ombe."

Mama Makene akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika kiuno. Makene akacheka pia akiwa ameinama, na mimi nikalia, na Isaka, ambaye kwa siku tatu hakuwa amesema maneno kumi, akauliza kama sasa anaweza kumpa yule mtamba maji.

Makene alisafiri hadi Dar es Salaam na mkewe, akatia saini mbele ya daktari kwamba amekubali. Mwezi Septemba ndugu hao wawili wakapanda ndege na muuguzi mmoja. Mimi sikurudi Hasamba. Kahawa nilimwachia Isaka, nikabaki Msangano na wajukuu niliokuwa nawajua kwa picha. Mama Makene alinifundisha kukamua, nikamfundisha kupika makande ya kwetu, akasema hayana chumvi. Watoto walinizoea siku ya tatu. Yule mdogo alikuwa ana sauti ya marehemu mume wangu, na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia.

Simu kule ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. Siku ya upasuaji Makene alikaa juu ya kichuguu hicho toka asubuhi, na mimi na mama yake tumekaa chini yake, hakuna aliyekumbuka tena habari za nani haruhusiwi kumtazama nani. Mpaka jioni hatukusikia kitu. Kesho yake saa nne, nami safari hii nikiwa juu pamoja naye, simu ikaita. Makene akanikabidhi bila hata kusikiliza, akasema, "Pokea wewe, mama."

Ilikuwa sauti ya Emanueli, dhaifu, inakatikakatika. "Mama! Nimekojoa! Mama, wameniwekea figo na nimekojoa, mfuko umejaa!"

Nikapiga vigelegele. Nikamuuliza kama anasikia maumivu, kama amekula, kama madaktari wamesema nini, nikawatangazia wote waliokuwa chini kwamba Emanueli amekojoa, hadi jirani wakaja wakidhani kuna harusi. Niliongea mpaka nikaishiwa pumzi.

Makene akanigusa mkono. "Mama," akasema taratibu, "na Jenista?"

Sikuwa nimeuliza. Wanangu wawili walikuwa wamelazwa juu ya meza mbili, na mimi nilikuwa nimeuliza habari za mmoja. Aibu niliyoisikia juu ya kile kichuguu bado naisikia ninapoandika. Nikamrudishia simu, nikashuka, nikakaa chini. Nikamsikia anauliza, akasikiliza, kisha akasema kwa sauti kubwa, "Ameamka! Anataka ugali, wanampa mikate!" Akaja akachuchumaa mbele yangu na kuniambia Jenista ni mzima, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia wema mkubwa kuliko huo.

Sasa ni 2015. Emanueli anafundisha shule ya Isansa, ana dawa zake anazomeza kwa saa, asubuhi na jioni, asizokosa hata siku moja, maana bila hizo mwili utaikataa figo. Amenenepa, ameoa, na darasani anawachapa wanafunzi kwa maswali kama zamani. Jenista anakwenda kupimwa presha na mkojo kila mwaka. Majirani zake walisema atakuwa nusu mtu, hataweza hata kubeba ndoo. Msimu wa pili alikuwa kwenye jaruba la mpunga hadi magotini, na waliosema hivyo walikuwa nyuma yake.

Wiki iliyopita alikuja kunisaidia kuchuma kahawa, na kaka yake akaja. Siku nzima ilikuwa kelele. "Kunywa maji wewe, usije ukanikaushia figo yangu!" Jenista anamwamuru, na mwalimu mzima anakunywa. Kikombe baada ya kikombe, nikawa namtazama anavyokunywa, nikasahau kuchuma.

Emanueli alipoondoka nilibaki na Jenista tukichambua kahawa. Nikamuuliza kile kilichonikaa miaka miwili. "Ulinikasirikia?"

Hakuacha kuchambua. "Ndiyo."

"Kwa sababu ya figo?"

"Figo nilitoa mwenyewe, mama, kwa furaha, na leo ningetoa tena. Nilikukasirikia kwa sababu nilikungoja miaka minane. Nilizaa mara tatu nikikungoja. Siku ulipokuja nikafurahi kabla sijajua umekuja kwa nini, halafu nikakumbuka kaka anaumwa."

Nikamwambia naomba radhi. Nilisema hivyo tu, bila kujitetea, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ilikuwa kazi. Akaitikia kwa kichwa. Baadaye akaniuliza kama nina chumvi ya kutosha, maana anabaki kutupikia jioni, nikajua ameipokea.

Leo asubuhi nimempigia simu Makene, nikamwambia keshokutwa nashuka Msangano. Akashtuka masikini, akauliza, "Kuna nini mama, nani anaumwa?"

Nikamwambia haumwi mtu, na sina cha kuomba. Nakuja tu.