Meno Ishirini na Manane

Eliasi, fundi baiskeli wa Sombetini, alizipanga sproketi tatu juu ya gunia na kuzihesabu meno kwa ncha ya bisibisi. Ya kwanza ilikuwa na meno arobaini na mawili, ya pili thelathini na mawili, ya tatu ishirini na mawili. Zote alikuwa amezifungua kutoka mbele ya baiskeli moja, baiskeli ya gia aliyoinunua mteja wake Naipanoi mwaka ule soko lilipofunguliwa na Ulaya ikaanza kutuletea kila kilichoichosha. Ilikuwa na gia ishirini na moja. Kwa hesabu ya Eliasi, kumi na nne kati ya hizo zilikuwa mapambo.

Kile kidude cha kuhamisha cheni mbele kilikuwa kimejaa tope, na cheni ilichomoka kila penye mwinuko. Naipanoi alitaka mbele ibaki sproketi moja tu, zile saba za nyuma zisiguswe. Kilichobaki ni kuchagua ipi.

Swali hilo lisingekuwepo kama njia ingekuwepo. Tangu enzi za mababu, watu wa Endulele, kijiji cha mlimani, walishuka mjini kwa kukatiza shamba la kahawa, nusu saa ya mwendo wa taratibu, wakipita kanisani. Kisha shamba likauzwa kwa mwekezaji, uzio ukapigwa kutoka korongo hadi korongo, na kwenye njia likawekwa geti lenye kufuli. Sasa ilibidi kuzunguka kwa chini, kwenye korongo. Asubuhi Naipanoi aliteremka na madumu ya maziwa bila taabu. Jioni alirudi na gunia la pumba za ng'ombe, kilo sabini, akisukuma baiskeli kwa saa tatu.

Hilo la gunia alilivumilia. Lililomuuma ni mama mkwe wake, Tabea. Kanisa lilikuwa upande wa pili wa shamba, na kwa magoti yake mabovu Tabea asingeweza korongo hata kwa kubebwa. Miaka arobaini aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Sasa Jumapili alikaa mlangoni na kitabu chake cha tenzi mapajani, hakifunui. Kijiji kilikuwa kimeandika barua wilayani kuomba njia ifunguliwe, na barua ilikuwa inashughulikiwa, kama barua zinavyofanywa.

Eliasi hakuwa mtu wa kukisia. Alifunga kitambaa chekundu kwenye spoki ya nyuma, akaigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha pedeli kwa mkono huku mteja akihesabu. Kwa ile kubwa, na cheni ikiwa kwenye gia nyepesi kabisa ya nyuma, pedeli mbili zilileta kitambaa mara tatu. Hiyo ni ya vijana wa Kisongo kwenye tambarare, akasema, akaiweka kando. Kwa ile ya kati, pedeli saba, kitambaa mara nane. Kwa ile ndogo, pedeli kumi na nne, kitambaa mara kumi na moja.

"Mama Nasieku, chukua ya kati," Eliasi alimwambia Naipanoi. "Hii ndogo utakanyaga mpaka uzeeke, na tambarare utapitwa na kuku."

Naipanoi aliuliza kama hakuna ambayo mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja. Yeye hakutaka kudhulumu wala kudhulumiwa. Eliasi alipekua kopo la vyuma, akaibua sproketi ya meno ishirini na manane, sawasawa na ile kubwa ya nyuma. Alimwonya kuwa kwenye lami atapoteza mwendo. Naipanoi alijibu kwamba lami haikuwahi kumnyima usingizi.

Fundi akafunga, akapunguza pingili mbili za cheni, akaisimamisha baiskeli mbele ya kibanda, gunia likiwa nyuma. Naipanoi alipanda na kuanza kukanyaga. Gurudumu lilizunguka vizuri, ila baiskeli ilibaki palepale kwenye nguzo ya kibanda. Mlima ndio uliokuja.

Ulikuja kwa mwendo wa baiskeli, mita mbili na kitu kwa kila pedeli, kwa hiyo alikanyaga saa nzima na dakika kumi. Ulishuka kwa njia ya korongo. Hata wenyewe haukukatiza shambani. Wa kwanza kufika ulikuwa mgomba wa mwisho wa Endulele, ukasimama ng'ambo ya barabara, kando ya duka la mafuta ya taa, kisha zizi, kisha Tabea akiwa mlangoni pake. Watu wa Terrat waliona kilele kimepungua, wakasema ni mawingu. Watalii waliokuwa juu waliambiwa na mwongozaji wao kuwa msimu huu huwa hivyo.

"Cheni imelegea kidogo," alisema Eliasi. "Kesho nitakukazia."

Naipanoi alibana breki, akamwachia Eliasi azishike, akashusha gunia, akavuka nalo barabara hadi zizini, akarudi kuchukua baiskeli. Alipofika nayo ng'ambo na kuachia breki, mlima ulirudi mahali pake polepole, yeye akiwa juu yake. Jioni ile ng'ombe walikula mapema.

Wiki ya pili, kijiji kizima kilikuwa kikiagiza kwa Naipanoi. Wenye pumba, wenye mabati, wenye wagonjwa waliotoka hospitali, wote walimngoja kibandani saa kumi, na wengine walianza kununa akichelewa. Alivimba mapaja. Lakini Tabea hakusogea hata hatua moja karibu na kanisa, kwa sababu mlima ulishuka wote kwa pamoja, na kanisa lake, na shamba lake, na uzio wake.

Ndipo afisa wa ardhi akaja kuhusu ile barua. Jina lake Bwana Ephraimu, mtu mpole mwenye futi ya chuma mfukoni. Alifika kibandani wakati mlima upo chini, akapima upana wa barabara uliobaki, akaandika. Kisha akavuka kwenda kwa Tabea, akamwamkia shikamoo, akakaribishwa kiti na kibuyu cha maziwa.

Afisa aliuliza hali. Tabea akasema hawajambo, wanamshukuru Mungu. Mizigo inafika? Inafika. Ng'ombe wanakula? Wanakula. Naipanoi alisimama nyuma ya kiti akiwa na maneno ya kanisa mdomoni, tayari. Ila mgeni haambiwi shida kabla hajamaliza alichopewa. Asije akadhani amenyweshwa ili asikilize. Wote wawili, yeye na Tabea, wakakitazama kibuyu. Bwana Ephraimu alikunywa hadi nusu, akasifu maziwa, akaangalia saa, akakirudisha. Alikuwa na kikao. Naipanoi alimsindikiza mpaka kwenye gari la ofisi akitafuta pa kuanzia, na njia nzima afisa akawa anamsifu kwa kubuni usafiri.

Barua ilikuja kabla ya mvua za vuli. Ilisema kwamba ofisi imejiridhisha kwa macho yake kuwa mlima sasa unashuka, na mizigo na wagonjwa wanafika bila kero. Kwa kuwa haja ya njia haipo tena, ombi limefungwa. Wananchi walipongezwa kwa kujitegemea.

Naipanoi alimpelekea Eliasi ile barua, naye akaisoma mara mbili na kuibandika ukutani, maana kazi yake haikuwahi kutajwa na serikali. Naipanoi alimwambia afunge ile ya meno thelathini na mawili. Mlima ukae kwake, watu wataabike, haja irudi. Eliasi aliitafuta bisibisi.

Mlima ulikuwa umeshuka, na Tabea, akiwa mlangoni ng'ambo ya barabara, alisikia.

"Acha, mwanangu," alisema. "Ng'ombe hawasali, lakini wanakula."

"Na wewe, yeyo?" Naipanoi alimwuliza mama mkwe wake.

"Mimi nitakwenda mpaka kitakaponiruhusu kile kiwaya cha uzio."

Basi ishirini na nane ikabaki. Jumapili iliyofuata watu walitaka mabati yao kama siku nyingine, na Naipanoi akaanza kukanyaga alfajiri. Mlima ulipofika, alimwona mama mkwe wake amefunga kitambaa cheupe, anaukokota mguu kando ya migomba hadi kwenye geti. Ng'ambo ya kahawa kwaya ilianza. Tabea alishika waya kwa mkono mmoja, akakifunua kitabu kwa mwingine, na kwenye ubeti wa pili akaingia kwa sauti yake.

Mabati yalishashushwa, lakini Naipanoi hakuachia breki. Alizibana saa mbili nzima, vidole vikifa ganzi, asije akamtikisa, mpaka mchungaji alipomaliza kwa baraka. Watu wa mabati walikuwa wamenuna.

Mlinzi wa geti, Lengai, kijana wa ukoo wao, alikuwa amevua kofia tangu ubeti wa kwanza. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake.

"Shikamoo, koko," alimwamkia Tabea kama bibi yake, ilipoitikiwa amina.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

Walisalimiana vizuri, wakaulizana ng'ombe na watoto. Kisha Lengai akavaa kofia, akalivuta kufuli kama alivyoagizwa kufanya kila saa, akaona limefungika barabara.