Shamba la Juu

Mafuriko ya mwaka wa sabini na saba yalipopungua, nyumba tano zilizokuwa kando ya Mto Sio zilikuwa zimebaki nguzo na matope. D.O., afisa wa tarafa, akaitisha baraza pale Funyula. Alisema serikali itatoa mabati na mbao ili wenye nyumba wajenge upya, lakini si kule bondeni.

"Mkipata mahali palipoinuka, vifaa vitakuja. Mkirudi chini, sina cha kuwapa. Na serikali hainunui shamba la mtu."

Watu wakageuza macho kwa Protus. Kila mtu alijua ni nani mwenye shamba kubwa la juu, kutoka barabarani mpaka kwenye mawe ya kilima. Protus hakuwa mtu mbaya. Wakati wa mafuriko aliwalaza watu nyumbani kwake na kuwachinjia mbuzi. Lakini shamba lile lilikuwa limepimwa juzi tu, baada ya kesi ndefu na binamu zake, na aliogopa. Ukimpa mtu mahali pa kujenga, atazika watu wake hapo, halafu siku moja wanawe watakuambia hapa ni kwao.

Akasimama. "Bwana D.O., hawa watu wana mashamba yenye rutuba kule chini. Wahame kwa nini? Tujenge tuta la udongo kando ya mto, kwa harambee. Maji yakizuiwa, shida imekwisha."

"Tuta linataka mawe na fundi," D.O. alisema.

"Mikono tunayo."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Nathaniel. Walisoma darasa moja na Protus kwenye shule ya misheni, na nyumba ya Nathaniel ilikuwa mojawapo ya zile tano.

Walichimba kila Jumamosi. Nathaniel alifika kabla ya wengine na kuondoka mwisho, akishindilia udongo kwa miguu. "Protus ametufikiria sana," alikuwa akimwambia mkewe, Nabwire. Protus naye alileta uji, akawamiminia watu vikombeni, na alipofika kwa Nathaniel aliangalia kikombe tu.

Mvua za Aprili zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja maji yalianza kupenya chini ya tuta. Nabwire alibeba mtoto mdogo mgongoni, akawashika wengine mikono.

"Twende, baba watoto!"

"Tangulia. Nikiziba hapa na magunia mawili, litashika. Hili tuta tumelijenga vizuri."

Tuta lilikatika akiwa amesimama chini yake. Wavuvi wa Sio Port ndio walioleta mwili wake.

Nyumbani kwa Nathaniel, kila walipochimba, kaburi lilijaa maji. Protus akasema rafiki yake azikwe kwenye shamba lake. Katekista alimsifu mbele ya waombolezaji wote, akasema huo ndio urafiki. Protus aliinamisha kichwa. Kwa siku nyingi baadaye hakuweza kumaliza chakula. Mkewe, Phoebe, alimwuliza, "Mboga ina nini?"

"Haina kitu."

"Basi ni wewe uliye na kitu."

Protus akainuka, akaenda kufunga ng'ombe.

D.O. aliporudi, alieleza kwamba fedha za kuhamisha watu zilirudishwa mkoani mwaka wa fedha wa serikali ulipokwisha. Zilizokuwapo ni za kukarabati tuta. Kwenye mpango wa wilaya, tuta ndilo lililoandikwa.

Protus akasimama tena. "Msilijenge tena lile tuta. Nitatoa shamba. Waje juu, wote."

"Mabati hayatakuwapo, mzee."

"Wataezeka kwa nyasi. Mimi nitatoa miti."

Baraza lilishangilia. D.O. alimpa mkono na kuwaambia watu waige mfano huo. Protus aliuvuta mkono wake upesi, akaenda moja kwa moja kwenye darasa la shule alikokuwa akilala Nabwire na watoto.

"Shemeji," alisema akiwa mlangoni, "lile wazo la tuta... Sikuwa nawafikiria nyinyi. Nilikuwa naogopa kugawa shamba."

Nabwire aliendelea kukunja blanketi. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Siku ile ile. D.O. alitaja mahali palipoinuka, nikakuona uso."

"Na Nathaniel je?"

"Nilimwambia. Alinikasirikia, akasema nisikuseme vibaya, kwamba wewe ni ndugu yake."

Protus alishika mlango. Nabwire hakulia. Aliweka blanketi juu ya benchi.

"Watoto wangu wanakohoa kwa hii sakafu ya simiti," alisema. "Nionyeshe mahali pa kujenga."

Walipanda pamoja. Protus alimwonyesha sehemu tambarare karibu na boma lake, yenye udongo mzuri. Nabwire aliitazama, akapita, akachagua pembe ya mbali yenye mawe, mahali ambapo mtu akitoka mlangoni haoni nyumba ya Protus.

Kufikia mavuno nyumba tano zilikuwa zimesimama. Watu walianza kupaita pale Kwa Protus. Aliwaomba waache, nao wakadhani ni unyenyekevu. Akawa haendi upande ule. Ng'ombe wake wakipotelea huko, alimtuma Phoebe.