Mdomo wa Wifi Munesh

Napenda ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuwa na ugomvi wowote na mamumunye. Ugomvi wangu ulikuwa na mtu mmoja tu, na huyo alikuwa amekaa nyuma ya nguzo ya baraza yetu, uso wote umefunikwa kwa ushungi wa manjano, akimenya njegere.

Kila mwaka, Januari ikikaribia kwisha na ukungu ukiwa bado unalala mashambani mpaka saa tano, baba hupanga kilimo cha mboga za kiangazi. Hapangi kwa kalamu. Hutandika blanketi kwenye kitanda cha kamba barazani, akaliita shamba. Mkunjo wa katikati ni mfereji. Huku anaweka punje za bamia, kule matango, pembeni madodoki, na karela, yale matango machungu yenye vinundu, pale ambapo uzio utayabeba. Tangu nina miaka saba, nafasi yangu ilikuwa miguuni pa kitanda hicho, nikiwa nimepakata makopo ya mbegu. Nikisema, "Baba, bamia zisogee kwenye maji," baba ataniangalia kwa uzito na kusema, "Haya, mheshimiwa." Halafu atazisogeza. Hata nilipofaulu mtihani nikaenda shule ya bweni ya serikali, nilirudi kila likizo ya baridi na kukikuta kiti changu kinanisubiri. Pale shuleni mimi ni mtu wa kawaida, mwenye makosa kumi na moja yaliyoandikwa na mengine mengi ambayo hayajagunduliwa. Miguuni pa kitanda kile nilikuwa mheshimiwa.

Mwezi Novemba kaka yangu Kapil akaoa. Baada ya siku tisa akarudi kiwandani kwake mjini Ghaziabad, akatuachia mke kama mtu anayeacha baiskeli kwa jirani.

Munesh anatoka kwenye mchanga wa mto Ganga. Kwao mto ukishapungua wanachimba mitaro kwenye mchanga ule na kupanda matikiti na mamumunye, na wakati sisi wa huku bado tunahesabu maua, wao wameshauza na kula. Baba alilijua hilo siku nyingi. Nashuku alilijua kabla hata Kapil hajaiona picha ya bibi harusi.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kitakatifu. Kwetu mkwe hazungumzi na baba mkwe. Hufunika uso, hukaa pembeni, na akiwa na neno hulinong'ona kwa mtu wa tatu, naye alifikishe. Baba akaomba mtu wa tatu.

"Mimi nina nyati wa kukamua," mama alisema. "Guddan yupo. Na mdomo anao."

Ndivyo nilivyoteuliwa, bila kura, kuwa mdomo wa wifi yangu.

Siku ya kwanza baba akasema, "Hebu muulize mkwe wangu, kwao wanaanza lini?"

Munesh alikuwa hatua nne kutoka kitandani. Hata nyati alisikia swali. Lakini nilisogea nguzoni kama tarishi, nikatega sikio, nikarudi.

"Anasema wanaanza sasa hivi. Mbegu zinapandwa kwenye viriba, vile vifuko vya udongo, na viriba vinakaa chini ya nailoni. Mwisho wa Februari, viazi vikishang'olewa, miche inahamia shambani ina majani manne."

Baba aliacha kuvuta kiko chake cha maji. "Yaani sisi tunafika sokoni kabla soko halijajaa."

"Ndivyo anavyosema."

"Huyu mkwe," baba alisema taratibu, "ana akili."

Miaka tisa nilikaa miguuni pale na sikuwahi kuambiwa nina akili. Niliambiwa mheshimiwa, na siku ile ndiyo niliyogundua kwamba huo ulikuwa utani.

Wivu wangu haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa ukubwa wa nyati tu, na kama nyati ulitaka kulishwa asubuhi na jioni. Asubuhi ulikula chai ya Munesh, ambayo baba aliiongezea kikombe cha pili, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa chai yangu. Jioni ulikula mikono yake, iliyomenya njegere bila kuzitazama. Katikati ya siku ulijilisha wenyewe.

Siku ya pili Munesh alinong'ona, "Karela ina ganda gumu. Mwambie baba tuiminye ncha ya mbegu kidogo, kisha tuiloweke siku mbili. Mumunye siku moja inatosha."

Nikageuka. Nakiri nilikusudia kufikisha ujumbe. Mdomo wenyewe ndio uliochukua njia nyingine.

"Baba, nimekuwa nikifikiri kuhusu karela."

"Wewe? Umefikiri?"

"Tulilisoma. Ni sayansi. Ganda ni gumu, maji hayaingii." Nikamwaga yote, ncha, siku mbili, siku moja.

Baba alimwita baba mdogo Rohtash, ndugu yake wa nyumba ya pili, ambaye kazi yake kubwa wakati wa ukungu ni kutoamini mambo. "Rohtash, njoo umsikie huyu mtoto. Ile shule haikula muda wake bure."

Kutoka nyuma ya nguzo sikusikia kitu. Angesema nini, na kwa mdomo upi? Huo ndio uzuri wa mila, kumbe zinaweza kumlinda mwizi.

Siku ya tatu nilikuwa nimefikiri kuhusu unene wa nailoni, na kuhusu kuchanganya mchanga na samadi iliyooza vizuri ili maji yasituame. Baba akanisogezea bakuli la karanga na sukari guru bila mimi kuomba. Nilikula nikimtazama wifi.

Jikoni, mahali ambapo baba hafiki, Munesh alikuwa ameshusha ushungi. Ana uso mdogo wa kawaida. Nilikuwa nimetarajia wa kutisha zaidi.

"Jana umeeleza vizuri habari ya karela, wifi," alisema akikanda unga.

"Asante, wifi."

"Mwalimu wako wa hayo mambo anaitwa nani?"

"Tuna walimu wengi."

"Basi huyo wa karela nisalimie." Akanipa chapati ya moto, akaipaka siagi ya kutosha. Niliila nikimpa mgongo.

Siku ya nne mbegu zilikuwa zimeshalowana, na baba alikuwa na wasiwasi wa kweli. Mbegu ile ilikuwa yote tuliyokuwa nayo ya aina ile. Munesh alikuja nayo kutoka kwao, imefungwa kwenye pindo la sari yake ya harusi, na msimu wetu mzima wa kuwahi soko ulikuwa ndani ya bakuli moja la shaba.

"Baridi hii itaziozesha kabla hazijachipua," baba alisema. "Guddan, sayansi inasemaje?"

Baba mdogo Rohtash alikuwepo, mikono ndani ya shali, tayari kutoamini. Nilisogea nguzoni eti kunyoosha mgongo. Mnong'ono ukaja kipande kipande, nami nikautoa kipande kipande.

"Zifungwe kwenye kitambaa kibichi."

"Zifungwe kwenye kitambaa kibichi, baba."

"Zikae kwenye joto la mtu."

"Kwa maoni yangu, zikae kwenye joto la mtu."

"Tumboni, chini ya sweta, siku tatu."

"Tumboni. Siku tatu. Ni jambo linalojulikana."

"Awe msichana asiyeolewa. Asikimbie. Asile pilipili."

Hapo nilisita, lakini nilikuwa nimeshafika mbali mno kurudi. "Awe," nilisema, "msichana asiyeolewa. Asikimbie. Asile, kwa bahati mbaya, pilipili."

Baba mdogo Rohtash akatazama huku na huku kwa makini, kama anayetafuta. "Humu ndani nani hajaolewa?"

Mama alileta kitambaa haraka kuliko anavyoleta kitu chochote nyumbani kwetu.

Sitaki kuzungumzia sana siku zile tatu. Kitambaa kibichi tumboni mwezi Januari ni kitu ambacho hakisemeki mbele ya watu wenye staha. Maji yalishuka hadi kwenye soksi. Nilikaa karibu na jiko nikila dengu zisizo na ladha, na kila asubuhi baba alipita akauliza, "Watoto hawajambo?" Baba mdogo alikuja mara mbili kwa siku kuhakikisha sikimbii.

"Mama watoto," Munesh aliniambia akisonga kando anipishe motoni, "ukipiga chafya shika tumbo."

"Nimeshashika."

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa lisifike shuleni. Siku ya pili nilianza kulala chali ili nisizibane. Siku ya tatu kitambaa kilipokauka kidogo ukingoni, mimi mwenyewe, bila kuambiwa, nilikwenda kukinyunyizia maji ya vuguvugu.

Mchana wa siku ya tatu tulifungua kitambaa juu ya blanketi. Mbegu za mumunye zilikuwa zimepasuka midomo, na kila mdomo umetoa mkia mweupe mfupi. Karela nazo zilikuwa zimeanza. Baba mdogo Rohtash alizitazama muda mrefu, akakosa cha kutoamini.

"Hongera, mwanangu," baba alisema. Sauti yake ilikuwa haina utani hata chembe. Ndiyo sauti niliyoitaka tangu siku ya viriba. "Viriba vimejaa udongo, vinangoja. Sasa sema. Hii mikia inaangalia juu au chini? Na jalidi ikishuka usiku na kugandisha umande, nailoni peke yake inatosha?"

Nikasogea nguzoni. Nikanyoosha mgongo. Nyuma ya nguzo njegere zilidondoka bakulini, moja, mbili, tatu.

"Wifi," nilinong'ona. "Juu au chini?"

"Si mlisoma?"

"Wifi, zinakauka."

Njegere nyingine ikadondoka.

Ningeweza kubahatisha. Nimebahatisha mitihani mizima, na juu au chini ni nusu kwa nusu. Lakini ilinibidi nizitazame zile mbegu, na mikia ile ilikuwa myembamba kama uzi, na niliijua. Nilikuwa tayari kumdanganya baba. Kuzidanganya mbegu nilizozilalia siku tatu sikuweza.

"Baba, mimi sijui."

"Hujui lipi?"

"Lolote. Yalikuwa maneno ya wifi. Yangu ni yale ya 'nimekuwa nikifikiri' tu."

Baba alivuta kiko. "La karela?"

"Lake."

"Mchanga na samadi?"

"Lake."

"Na hili la tumbo?"

Nyuma ya nguzo ushungi ulikuwa unatikisika. Kisha ukaja mnong'ono, na kwa kuwa bado nilikuwa na cheo changu, ilinipasa kuufikisha.

"Anasema," nilisema nikitazama ukuta, "kwao wanazifukia kwenye lundo la samadi. Lina joto, na halilalamiki."

Baba mdogo Rohtash alicheka mpaka shali ikamdondoka. Baba hakucheka, wala hakunigombeza. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alipandisha miguu kitandani, akajigeuza polepole mpaka mgongo wake ukaielekea nguzo na uso wake ukawa ukutani.

"Naongea na ukuta," alitangaza. "Mtu asiseme nimevunja mila. Ukuta, mkia juu au chini?"

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu harusi, Munesh alitoa sauti yake nzima mbele ya baba, na ilikuwa nene kuliko ile ya jikoni.

"Chini, baba. Mbegu ilale ubavu, kina cha kidole nusu. Jalidi ikishuka, tandaza magunia juu ya nailoni jua likizama, uyatoe asubuhi likichomoza."

"Na maji?"

"Kidogo, baba. Ya kisima. Ya mfereji ni baridi."

Wakaendelea hivyo, baba na ukuta wake, viriba vingapi, uzio upande upi, na hakuna aliyehitaji tarishi. Miguuni pa kitanda, kiti changu cha miaka tisa, sasa palikuwa nyuma ya mgongo wa baba. Nilisimama hapo nimeshika kitambaa cha mbegu, nikisikiliza watu wawili wanavyoelewana. Nawaomba mnielewe, nilitamani mila irudi.

Nikazunguka kitanda. Kati ya kitanda na ukuta pana nafasi ya mbuzi mwembamba. Nikajipenyeza.

"Guddan," baba alisema, "unaniziba ukuta."

"Ukuta hauwezi kushika mbegu, baba. Mikono yake baridi."

"Mwache, baba," sauti nene ikasema. "Zibaki na joto lake mpaka zote ziingie viribani."

Baba alifikiri, kisha akasogeza goti lake shibiri moja. Nikakaa. Bado nilikuwa na wivu, na mpaka leo sijaona sababu ya kuukana. Baba akavivuta viriba karibu na kunyoosha kiganja, nikaweka mbegu ya kwanza.

"Ubavu," Munesh alisema kutoka nguzoni. "Mkia chini."

"Ubavu," nilirudia, ingawa hakuna aliyenituma. "Mkia chini."