Kandambili Juu ya Mgunga

Amina alikuwa na mama wawili. Wa kwanza alikuwa bibi yake, Mwanne, aliyekuwa akimlea kule Kondoa; huyo alimwita mama tu. Wa pili alikuwa Hamida, aliyemzaa. Huyo alimwita Mama wa Dodoma. Alilitaja jina hilo kwenye simu bila ubaya wowote, kama mtoto anavyosema shangazi wa Babati au mjomba wa Singida. Hamida aliitikia kila mara, "Naam, mwanangu," na simu ikikatika alibaki ameishika, akitazama ukuta.

Ukuta wenyewe haukuwa mbali. Chumba walichopanga katikati ya jiji la Dodoma kilitosha kitanda, meza, jiko na cherehani ya Hamida, basi. Mwenye nyumba alishasema tangu siku ya kwanza kwamba watoto hataki. Mumewe Hamida, Uwesu, alikuwa karani wa masjala katika wizara moja kule Mtumba, na kila alfajiri alipanda basi la kwenda kazini. Mwaka wao wa pili Dodoma ulikuwa unaisha, na Amina wa miaka saba na mdogo wake Habibu wa miaka minne walikuwa bado kwa bibi.

"Januari Amina anaingia darasa la pili," Hamida alimwambia mumewe Oktoba ile. "Asipoanza shule huku, Baba Amina, tusijidanganye. Atakuwa mtoto wa mama yangu moja kwa moja."

Uwesu hakubisha. Kila Jumamosi wakawa wanatoka kutafuta nyumba. Walitaka vitu vichache: kodi wanayoiweza, basi la kwenda Mtumba, msikiti usiwe mbali, na shule ambayo mtoto atakwenda kwa miguu yake. Vichache hivyo vikagoma kukaa mahali pamoja. Palipokuwa na shule, kodi ilikuwa ya wakubwa. Palipokuwa na kodi nzuri, shule ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori. Hamida alirudi nyumbani visigino vimepasuka, akatawadha, akaomba dua ileile aliyoiomba wiki iliyopita.

Mwisho wa mwezi dalali mmoja aitwaye Ludovick, mtu wa maneno mengi na kofia ya njano, akawapeleka Ihumwa, mashariki ya jiji, upande wa reli. Nyumba aliyowaonyesha ilikuwa imekamilika: vyumba viwili, sebule, bomba uani, geti la bluu. Kodi yake ilikuwa ndogo hata wakaisikia mara mbili kabla ya kuiamini. Ukisimama jikoni uliona paa la shule. Kati ya nyumba na shule palikuwa na korongo pana la mchanga mkavu, na watoto walikuwa wanacheza mpira humo.

"Hiyo ndiyo njia ya shule," Ludovick alisema. "Mtoto anavuka, kafika. Hakuna gari wala pikipiki."

"Na maji yakija?" Hamida aliuliza.

"Maji gani, mama? Hapa ni Dodoma!"

Jirani aliyekuwa akianika nguo alicheka kwa sauti. Huyo alikuwa Edina, mke wa Ambokile, na Ambokile alifanya kazi ofisi moja na Uwesu. Ambokile ndiye aliyewaambia habari za mtaa huo.

"Jamani, mimi natoka Tukuyu," Edina alisema. "Mvua naijua. Hapa ikinyesha ni kama mtu kapiga chafya."

"Mmehamia lini, dada?"

"Juni."

"Na wewe, kaka Ludovick?"

"Mimi mwenyeji kabisa. Mwaka jana mwezi wa saba."

Hamida akatazama huku na huku. Nyumba zote zilikuwa mpya, nyingine hata lipu hazijapigwa. Watu walikuwa wameifuata serikali kutoka kila pembe ya nchi, na mvua za mwaka uliopita zilikuwa chache. Mtaa mzima haukuwa na mtu aliyewahi kuyaona masika ya kweli mahali pale.

Uwesu alikuwa tayari kukubali palepale. Hamida akaomba apewe muda hadi Jumamosi ifuatayo, asali istikhara, rakaa mbili za kumwomba Mungu amchagulie lililo jema. Uwesu, ambaye naye hakuacha swala, alikubali. Lakini watu wengi wanaamini jibu la istikhara huja kwa ndoto, na yeye alikuwa mmoja wao.

"Umeota?" alimuuliza asubuhi ya kwanza, mswaki mdomoni.

"Sikuota."

Asubuhi ya pili: "Umeota?"

"Nimelala tu kama gogo."

Usiku wa tatu Hamida aliota. Aliota amesahau kutia chumvi kwenye mboga.

"Chumvi?" Uwesu aliuliza. "Sasa hiyo ni ya kuhama au ya kutokuhama?"

Wakacheka wote wawili, lakini Hamida moyo haukutulia. Jumamosi wakarudi Ihumwa kutoa jibu. Uwesu na Ludovick walipoingia ndani kukagua vitasa, yeye akateremka peke yake mpaka ukingo wa korongo. Palikuwa na mti wa mgunga, mkubwa, mizizi ya upande mmoja iko nje. Akainua macho.

Kwenye panda la mti, juu ya kichwa chake, palikuwa na rundo la mabua ya uwele na nyasi kavu. Yalikuwa yamelala yote kuelekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Katikati ya mabua hayo ilikwama kandambili ya mtoto, ya kijani, ya mguu wa kushoto. Hamida akanyoosha mkono kuigusa. Hakuifikia.

Kisha akaita, "Baba Amina! Njoo uone."

Uwesu alikuja na Ludovick nyuma yake, na Edina naye akasogea, maana hakupenda kupitwa.

"Watoto hurusha vitu," Ludovick alisema.

"Na mabua nayo waliyarusha? Wakapanda kwenye miiba wakayalaza yote upande mmoja?"

Ludovick akairekebisha kofia yake.

"Maji yalifika hapo juu," Hamida alisema. "Si mwaka jana. Mwaka mwingine, kabla yenu nyote. Mimi nimekulia kwenye makorongo. Kule kwetu Kondoa yalikula mashamba tukiyatazama. Moja lilichukua zizi la mbuzi la marehemu baba yangu kabla hatujamaliza kula daku. Hii nyumba siitaki."

"Mama, kwa sauti hiyo utanifukuzia wateja," Ludovick alinong'ona.

Njiani Uwesu alikuwa amevimba. "Siku tatu umesali hukupata jibu. Leo umelipata kwenye kandambili?"

"Ndiyo. Nimelipata macho yakiwa wazi."

"Ambokile atanicheka ofisi nzima."

"Mwache acheke. Anayevuka ule mchanga kila siku ni mwanao."

Hapo Uwesu akasalimu amri. Alikuwa mtu wa hasira fupi na moyo mzuri, na jambo lililomhusu Amina lilimshinda nguvu siku zote.

Walichopata mwishowe kilikuwa juu mgongoni mwa kilima, upande uleule wa shule: nyumba isiyokwisha, haina dari, dirisha moja limezibwa kwa bati, maji ya kuchota kwenye bomba la mtaa. Kodi ilikuwa nafuu kuliko ile ya geti la bluu, na kituo cha basi kilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Kiwanja kilikuwa na mteremko. Edina aliposikia alimpigia simu kumtania: "Mama Amina, umekimbia mchanga ukakumbatia pagale!"

Hamida alinunua jembe. Alifunga vijiti vitatu mfano wa herufi A, akaning'iniza kamba yenye jiwe katikati, kifaa alichokitumia baba yake kupimia usawa wa ardhi. Akatembea nacho kiwanja chote, akiweka alama kila jiwe lilipotulia katikati, na kwenye alama hizo akachimba makinga maji, mitaro ya kukatisha mteremko ili maji yatue yasikimbie. Alichimba kuanzia alfajiri hadi jua lilipokuwa kali, kisha akakaa kwenye cherehani.

"Wenzangu wa ofisini watakuja kutuona Jumapili," Uwesu alimwambia. "Hilo jembe liweke nyuma ya nyumba, tafadhali. Wasije wakadhani tumehamia shamba."

Akaliweka nyuma.

Desemba watoto wakaletwa. Habibu alizoea siku ya pili. Amina alimwamkia Hamida vizuri, alikula vizuri, alisali nyuma yake vizuri, na bado alisema, "Mama wa Dodoma, naomba maji." Hamida alimpa maji. Jioni alimpeleka kwenye mgunga, akamwonyesha kandambili, akamweleza: maji ya korongo hayangoji mvua inyeshe hapa. Mvua ikinyesha kule vilimani, yanakuja jua likiwaka. Ukisikia lori linakuja lakini halipiti, hilo si lori. Usivuke.

"Mwenye kandambili yuko wapi?" Amina aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Tumwombee."

Wakamwombea.

Shule ikafunguliwa. Mvua zikapiga chafya mara mbili tatu kama Edina alivyosema, na mtaani watu wakaendelea kutania. Siku moja mwishoni mwa Januari, saa nane mchana, jua kali, Hamida alikuwa anashona suruali ya sare aliposikia lori. Akaendelea kukanyaga cherehani. Lori likaja, likaja, halikupita.

Alisimama, suruali ikaanguka. Upande wa kaskazini vilima vilikuwa vimefunikwa na wingu jeusi. Akambeba Habibu akampa jirani, akakunja gauni, akakimbia kuteremka akisema, "Ya Rabi, ya Rabi," mpaka pumzi ikamwishia akawa anaisema moyoni.

Darasa lilikuwa limetoka. Watoto wa Edina watatu walikuwa ukingoni, wanakwenda kwao: Meshack wa miaka kumi na wadogo zake, Frida na Elieth. Mbele ya wasichana hao wawili alikuwa amesimama Amina, mikono ameitanua kama kipa.

"Hampiti!" alikuwa anasema. "Sikilizeni! Hilo si lori!"

Meshack alikuwa tayari katikati ya mchanga, anarudi kinyumenyume ili amcheke vizuri. "Jua lote hili? Maji yatatoka mfukoni mwako?"

"Meshack!" Hamida alipiga kelele ambayo hakujua kama anayo. "Rudi huku! Rudi kwangu!"

Mtoto aliusikia mshtuko ule, akageuza kichwa upande wa juu wa korongo. Kwenye kona ulitokea ukuta wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba povu na matawi. Alikimbia. Kiatu kimoja kilimtoka akakiacha. Hamida alimdaka mkono na kumvuta juu ya ukingo, na korongo lote likajaa nyuma yake kwa kishindo, geti la bluu la ng'ambo likitetemeka.

Upande wa pili Edina alitoka mbio, kichwa wazi, akipiga mayowe ambayo hayakusikika kwa ngurumo. Hamida aliona mdomo unafunguka tu. Hakuwa na namna ya kumjibu. Basi akamshika Elieth kiunoni, akamwinua juu kabisa ya kichwa chake ili mama yake amwone. Akamteremsha. Akamwinua Frida. Meshack alikuwa mzito, lakini naye akamwinua, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Edina akapiga magoti kwenye matope, akainua mikono.

Maji hayakupungua siku ile. Jioni Uwesu na Ambokile walishuka basi moja, wakakuta watoto watano wamekaa kwenye mkeka wanakula wali kwa maharage, nyumba haina dari na kila mtu ni mkavu. Makinga maji ya Hamida yalikuwa yamejaa maji ya mvua iliyopita wakati wa magharibi, yametulia kama sinia.

Ambokile aliwagusa watoto wake vichwa, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Shemeji, nilikucheka."

"Nilisikia."

"Nilicheka ofisini, chai ikanipalia."

"Na hiyo nilisikia. Kaa ule, shemeji. Leo nimekumbuka chumvi."

Uwesu alikuwa ametoka nje. Aliporudi alikuwa na lile jembe. Akalipangusa tope kwa mkono wake na kwa suruali yake ya ofisini, akalisimamisha mlangoni kwa mbele, mahali ambapo mgeni yeyote angeliona kabla hajabisha hodi. Hamida aliinamia sufuria ili asionekane uso.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa mtaa alikuja na watu sita na majembe, wakitaka wapimiwe mitaro kwa vile vijiti vitatu. Edina na Ambokile walikuwa wanatafuta nyumba upande wa juu. Mtu mmoja alitaka kuitoa kandambili pale mtini, pasafishwe. Hamida akamwomba aiache, watu waione.

Saa nne akaja Ludovick, kofia ya njano mkononi. Nyuma yake walisimama mume na mke, wageni, na mtoto mgongoni. Amina ndiye aliyekuwa mlangoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie mama yako nina kiwanja cha kuwaonyesha hawa. Namwomba aje kwanza anitazamie miti."

Amina akageuka, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili:

"Mama! Mama, unahitajiwa!"

Hamida alikuwa nyuma ya nyumba, ndoo mkononi, na alimsikia vizuri sana. Akanyamaza kidogo, ili aitwe tena.